Shingo ya Bi Bogna

Neno lenyewe ni żuraw.
Nilijifunza kulitamka kwa kujiuma ulimi
jikoni kwa Bi Bogna, ghorofa ya nne, Gdańsk,
mwezi wa tatu, barafu ikianza kutoa jasho madirishani.
"Żuraw wamerudi," alisema.
Nikakimbilia dirishani kutafuta mashine.
Alicheka hadi chai ikamwagikia kitambaa.
"Ndege, mwanangu. Wenye miguu."

Ndege, basi. Korongo.
Wa kijivu, mrefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza,
hulala kinamasini kwa mguu mmoja,
wa pili ameuweka akiba.

Ila mimi nilikuwa nimezoea yule wa chuma,
namba saba, aliyesimama kule kiwandani pa meli,
ambaye kichwani mwake Bi Bogna aliketi
miaka thelathini na mmoja,
ngazi mia na arobaini kila alfajiri,
chupa ya kahawa kwapani.
"Na choo?" nilimwuliza siku moja.
"Ndoo," alinijibu,
na mazungumzo yakaishia hapo.

Aliinua mabamba ya meli ambazo hakuzipanda.
Kutoka kule juu wanaume walikuwa punje za pilipili manga.
Punje moja ilikuwa ikimpungia kofia.
Ndiye aliyemwoa, Zenon.
"Sura yake sikuijua," anasema.
"Kofia niliijua."

Kabla ya chuma palikuwa na mti.
Kijijini kwa mama yake, Apolonia,
kisima kilikuwa na żuraw wake:
gogo refu limelazwa juu ya nguzo yenye panda,
ncha hii jiwe, ncha ile ndoo.
Linainama. Linakunywa. Linainuka.
Hapo nikaelewa kwamba jina hili halikubuniwa na mtu;
mwenye kiu alitazama tu
akamwona ndege.

Halafu kuna Bi Hortensja, mlango wa pili,
ambaye kila nikipika vitunguu
hupita taratibu, viatu mkononi.
"Anatumbukiza żuraw," husema Bi Bogna,
maana ndivyo wanavyomsema
mtu anayenyoosha shingo kwenye yasiyomhusu.
Yeye mwenyewe, tukicheza karata,
hutumbukiza wa kwake katika mkono wangu
bila haya, bila kupepesa.
"Kazi ya zamani," husema, "haitoki mwilini."

Usiku mmoja nikamlipa neno kwa neno.
Kwetu, nikamwambia, korongo ni ndege huyohuyo,
lakini pia ni lile bonde jembamba
ambalo mvua imelichimba bila kuombwa,
na kile kishimo
unachokifungua kwa jembe, ukatia mbegu tatu,
ukakifukia kwa kisigino.
Alikaa kimya, akisugua goti.
"Ninyi amewachimbia," alisema.
"Na mizigo yenu anainua nani?"
"Kreni. Au winchi."
"Hao hawana shingo," alisema,
akazima taa, mimi nikiwa bado mezani.

Jumanne walikuja kumkata namba saba.
Chuma chakavu, huuzwa kwa tani.
Moto wa gesi ulionekana hata kwetu,
nyota ndogo ya buluu iliyopotea mchana.
Hakwenda. Alisema ana nguo za kupiga pasi.

Niliporudi na mkate
pasi ilikuwa baridi, nguo zimekunjamana.
Alikuwa dirishani, ameshika pazia kwa vidole viwili,
shingo imetoka,
imezidi kutoka,
slipa moja sakafuni,
mguu wake umekunjwa nyuma ya goti la pili.

Sikumwambia amefanana na nani.
Nilichukua kikombe chake kilichopoa
nikaenda kuchemsha maji mengine,
na mlangoni nikamsikia Bi Hortensja
akipita, safari hii
amevaa viatu.